Mke wangu anasema Mungu wangu yuko kwenye kreti za zabibu

Shikamoo mama. Naomba usiweke jina langu maana huku kijijini watu wanasoma kwenye simu na wananifahamu. Mi ni mkulima wa zabibu huku Mpunguzi, barabara ya Iringa, nna mke na watoto watatu, Mkatoliki wa kuzaliwa, na kwenye kigango chetu (kanisa letu dogo chini ya parokia) nipo kwenye kamati.

Shida yangu ni hii Kwaresima. Zabibu za Dodoma kama unavyojua zinavunwa mara mbili kwa mwaka, kuna msimu wa Februari Machi na ule wa Agosti Septemba, sasa huu wa kwanza kila mwaka unaangukia humo humo kwenye Kwaresima na hamna namna ya kuukwepa. Na zabibu haisubiri mtu mama. Ikishaiva ukizubaa ndege wanamaliza, mvua ikipiga punje zinapasuka zinaanza kuoza kwenye kichala, na ukishaikata nayo haikai, kwahiyo mnunuzi akikupigia kwamba analeta lori we unavuna tu hata kama ni usiku.

Jumapili ya kwanza ya Kwaresima ndo ilikuwa balaa. Jumamosi saa tatu usiku napigiwa simu, lori linakuja kesho saa nne, kama una mzigo tunachukua kama huna tunapita kwa mwenzako. Mi nna mkopo wa ushirika wa nguzo na dawa, ningefanyaje? Nikaamka alfajiri na vibarua tukavuna. Mke wangu akavalisha watoto akapita nao pembeni ya shamba kwenda kigangoni hata kunisalimia hakunisalimia, jioni nakaa kula (nilikuwa nimefunga) ananiambia, "Mungu wako yuko kwenye kreti." Basi. Toka siku hiyo ananijibu kwa mkato, ndio, hapana, chakula hicho hapo.

Iliniuma kwasababu kwenye mfungo mi siko nyuma hata kidogo. Toka Jumatano ya Majivu nimeacha pombe kabisa, nyama sigusi hata Jumapili, nafunga kutwa nzima hata maji sinywi mpaka jua lizame na niko shambani na jua hili la kwetu. Mwaka huu hata ile chai ya saa nne ya vibarua nimeifuta, nimewaambia hii ni Kwaresima tufunge wote, wengine ni Waanglikana wakanung'unika lakini nao si wana Kwaresima. Pale kigangoni tunaezeka nikasimama mbele ya watu wote nikaahidi bati kumi na tano. Mke wangu hayo yote hayaoni, anaona zabibu tu.

Kweli Njia ya Msalaba Ijumaa sijafika hata moja, nakiri, saa kumi ndo nakuwa napanga kreti. Na hasira nazo zimekuwa karibu, hapo sikatai. Juzi mama mmoja jirani yetu ambaye alinivunia msimu ule wa Agosti kanisimamisha njiani kaulizia hela yake, nikamwambia mama mi niko kwenye mfungo naomba usinipandishe hasira, tutaongea baada ya Pasaka. Wapo kama sita hivi wananidai, mnunuzi wa msimu ule alichukua kwa mali kauli akachelewa kulipa na ilipokuja nikalipia ada. Lakini hiyo ni ishu nyingine.

Maswali yangu mama ni haya. Kuvuna Jumapili ni dhambi au si dhambi? Nifanyeje ili Mungu awe wa kwanza kweli wakati zabibu nazo ndo zinanilishia watoto? Na la mwisho, Ijumaa Kuu wamenichagua nibebe msalaba mbele ya maandamano ya kigango, mke wangu akacheka. Nikubali au nikatae?

Baba wa watatu, Mpunguzi.

JIBU

Marahaba mwanangu, mbukwa, kwa salamu ya Kigogo. Pole na jua na pole na hiyo hali ya nyumbani, maana kula chakula kwa mtu anayekujibu kwa mkato ni kazi kuliko kuvuna. Barua yako nimeisoma nikairudia, na nakuheshimu kwamba umeuliza, wengi wanaopita Kwaresima hawajiulizi kitu, wanasubiri tu Pasaka wale pilau.

Nianze na Jumapili maana ndo swali lenye jibu fupi. Maandiko yanajua kabisa kuna msimu wa mavuno, Kutoka 34:21 inasema siku ya saba upumzike, alafu inaongeza makusudi kwamba hata wakati wa kulima na wakati wa kuvuna, yaani Mungu alishajua mkulima atakuja na hoja hiyo. Lakini Bwana mwenyewe kwenye Luka 14 anauliza nani ambaye ng'ombe wake akitumbukia kisimani siku ya sabato hatamtoa. Kwahiyo mvua imetanda, zabibu zimeiva, siku moja umeokoa mazao yako, hilo ni ng'ombe kisimani na sidhani kama Mungu amekununia. Lakini lori la mnunuzi kuja Jumapili kwasababu yeye ndo inamfaa, hicho siyo kisima, hayo ni mazoea, na usipoyakata yatakula Jumapili zako zote. Kaeni wakulima kwenye ushirika wenu mumwambie kwa sauti moja kwamba Jumapili kabla ya saa saba mchana hampakii mzigo. Mmoja akisema peke yake atarukwa, ni kweli, wote mkisema atawaruka aende wapi na lori tupu? Na ikitokea tena umebanwa, kamwone paroko kabla, umweleze, uulize na kama parokiani kuna Misa ya Jumamosi jioni uende hiyo. Ukiomba kabla inakuwa unamheshimu Mungu, ukijitetea baada unakuwa unajiheshimu wewe.

Hapo nimemaliza la Jumapili. Sasa nataka tukae kwenye kile ulichokiita ishu nyingine.

Mwanangu, ile siyo ishu nyingine. Ile ndo barua yenyewe. Yule mama alikuvunia Agosti. Ameinama kwenye mizabibu yako na mkasi, kreti kichwani mpaka barabarani, akaenda nyumbani bila hela, akasubiri Septemba, Krismasi ikapita, Januari shule zikafunguliwa na yeye ana watoto kama wewe unavyo watoto, Machi imefika zabibu mpya zimeiva anakuona unavuna tena, ndo anakusimamisha njiani, na inawezekana alijipa moyo siku nzima kabla hajakusimamisha. Na wewe ukamjibu kwamba uko kwenye mfungo. Umechukua mfungo wa Bwana ukaufanya mlango wa kumfungia nje mtu unayemdai... hapana, mtu anayekudai wewe! Naandika hapa mkono unatetemeka kwasababu najua hukukusudia ubaya, ulikuwa na njaa na kiu, lakini yeye alivyoondoka pale aliondoka na picha gani ya Kwaresima?

Fungua Isaya 58 leo usiku, usisubiri. Watu wanamlalamikia Mungu, mbona tumefunga na wewe huoni, na Mungu anawajibu kwamba siku mnayofunga ndo siku mnayowalemea wafanyakazi wenu. Ukifika mstari ule wa 3 kumbuka chai ya saa nne. Chai na viazi ndo vinamfikisha kibarua saa nane mchana bila kuanguka, na wewe umeikata ukaiita mfungo, wakati mfungo ni kitu mtu anakitoa mwenyewe kwenye sahani yake, hatoi kwenye sahani ya mwenzake. Kesho wapikie. Kama kuna hela uliyookoa kwa kuacha pombe, hiyo hiyo nunulia sukari, ndo maana yenyewe ya kufunga na kutoa sadaka kwenda pamoja toka enzi na enzi.

Alafu kuna ule mfano wa Matayo 20 ambao we na wenzako wa Mpunguzi na Bihawana mngetakiwa kuujua kwa moyo kuliko Wakristo wengine wote Tanzania, maana unamhusu mwenye shamba la mizabibu anayetafuta vibarua. Watu wengi wanahubiri pale kuhusu wale walioingia saa kumi na moja jioni wakalipwa sawa na wa asubuhi, sawa, lakini mi siku zote nasimama kwenye kitu kidogo kinachopitwa: kulipokuchwa, jioni ile ile, mwenye shamba anamwambia msimamizi waite wafanyakazi uwalipe. Jioni ile ile. Yule tajiri hakufanya hivyo kwa ukarimu tu, ndiyo ilikuwa sheria ya Musa, Kumbukumbu la Torati 24 inasema kibarua alipwe kabla jua halijazama maana ni maskini na roho yake iko kwenye huo ujira, asije akamlilia Bwana ukawa na dhambi. Na Yakobo sura ya 5 anasema ujira wa waliovuna mashamba ukizuiliwa unapiga kelele, na kilio cha wavunaji kinaingia masikioni mwa Bwana wa majeshi. Wavunaji, mwanangu. Ameandika wavunaji.

Najua mnunuzi naye alikuzungusha. Pole, ni uonevu na unawaumiza wengi. Lakini hela ilipokuja ulichagua nani aanze, na vibarua ukawaweka mwisho, na kwenye orodha hiyo ya nani anaanza ndo mtu anaona moyo wake ulipo. Kwahiyo kabla ya kitu kingine chochote, hela ya mzigo wa Jumapili ile ikiingia, usigawe, usipeleke ushirika, wale sita kwanza. Haitoshi? Basi kila mmoja nusu na siku ya nusu nyingine uitaje, na uende nyumbani kwao wewe, usiwaite. Yule mama umwanze. Usimpelekee maelezo marefu, sema tu mama nisamehe, hii ni haki yako.

Na zile bati kumi na tano, nenda kwa mwenyekiti wa kigango umwambie nitatoa lakini siyo sasa, nina madeni ya watu. Utaona aibu, najua, uliahidi mbele za watu. Ila kwenye Marko 7 Yesu aliwakemea watu waliokuwa wanawanyima wazazi wao alafu wanasema hii nimeshaiweka wakfu kwa Mungu. Sitaki bati za kanisa lako ziwe na jasho la mtu ambalo halijalipwa, na nina uhakika hata watu wa kigango wakijua hawatataka.

Sasa kumweka Mungu wa kwanza. Kuna watu wakisoma mpaka hapa watasema basi mama amesema ukilipa watu na ukiwa mwema inatosha, mambo ya kanisani ni ziada. Sijasema hivyo na sitasema. Amri ya kwanza ni kumpenda Bwana Mungu wako kwa moyo wote na roho yote na akili zote, ya pili ndo jirani, Yesu mwenyewe ameziweka kwa mpangilio huo na sina ruhusa ya kuupindua. Shida ni kwamba barua yako nzima, kutoka shikamoo mpaka jina, hakuna mahali umesema umesali. Nimetafuta. Kuna pombe, nyama, maji, bati, lori, mkopo, kreti. Injili tunayosomewa Jumatano ya Majivu, Matayo 6, ina vitu vitatu, sadaka na sala na kufunga, wewe umebeba viwili na ile ya katikati umeiacha, na ile ya katikati ndo mahali mtu anakutana na Mungu mwenyewe. Mtu anayekupenda hata kama amebanwa vipi anakutafuta, hata dakika mbili, hata kwa simu. Umemfanyia Mungu mambo mengi mwezi huu ila hujaongea naye, na nadhani mkeo ndicho alichokiona hata kama alikisema vibaya.

Kwahiyo saa yako ya kwanza mpe. Unaamka alfajiri, simu usiishike kwanza, maana ukiishika utakuta mnunuzi na siku ishakuwa ya mnunuzi. Kaa kitandani, piga ishara ya msalaba, sema Baba yetu polepole, zile sehemu za mkate wetu wa kila siku na utusamehe makosa yetu usizikimbie, alafu mwambie tu kwa maneno yako, kwa Kiswahili, kwa Kigogo, Bwana leo nina lori, nina deni, nina hofu na mvua, nakupenda nisaidie nikupende. Inatosha. Ukizoea itaongezeka yenyewe. Na Ijumaa kama saa kumi huwezi kufika kigangoni, Njia ya Msalaba haijafungiwa ndani ya kanisa, una mizabibu imepangwa mistari mizuri kabisa, tembea mstari kwa mstari, vituo 14, kila kituo simama, tafakari, sali, endelea. Kama kuna vibarua wanataka kujiunga waite, usiwalazimishe. Kanisa kuu letu pale mjini linaitwa la Mtakatifu Paulo wa Msalaba, ndiye aliyeanzisha shirika la Wapasionisti, na wamisionari wa shirika hilo ndo waliohangaika sana na Injili mkoa huu, kazi yao kubwa ni kuwakumbusha watu mateso ya Bwana. Kwahiyo mtu wa Dodoma kusali Njia ya Msalaba shambani kwake siyo kitu kigeni, ni urithi wetu.

Kuhusu mfungo wenyewe nikurekebishe kidogo maana unajitesa mahali hujaombwa. Kanisa linatudai kufunga Jumatano ya Majivu na Ijumaa Kuu, kuanzia miaka 18 mpaka 59, mlo mmoja kamili na viwili vidogo, na maji hayajakatazwa. Nyama ni Jumatano ya Majivu na zile Ijumaa. Jumapili hazimo kabisa kwenye zile siku 40, ukihesabu toka Majivu mpaka Jumamosi Kuu utapata 46, zile 6 ni Jumapili na Jumapili ni ya Ufufuko hata katikati ya Kwaresima, kwahiyo kula na wanao kama kuna kuku. Ukitaka kuzidisha kwa upendo ni vizuri, lakini mwanaume anayebeba kreti juani bila tone la maji atapata hasira tu, na hasira hiyo inamwangukia mama wa watu njiani na mke nyumbani. Kunywa maji. Funga maneno makali badala yake, utaona ni ngumu mara ngapi zaidi.

Mkeo sasa. Ile sentensi ya kreti ilikuwa kali na kupita pembeni bila salamu mbele ya watoto haikuwa sawa, akisoma hapa nampa pole na namwambia hivyo hivyo, mwanangu, mumeo alikuwa anatafuta ada siyo anasa, ungemwambia jioni mkiwa wawili. Lakini wewe usianze na kudai akuombe radhi. Mwambie kuhusu wale sita. Inawezekana anajua zaidi yako, wanawake wanakutana bombani na jumuiya, huyo mama pengine ameshamlilia, na yeye amebeba aibu yako miezi yote hiyo bila kukuambia, ndo maana kreti zinamkera. Mpe daftari la vibarua alishike yeye, majina na siku na malipo. Na usiku kabla ya kulala salini pamoja na watoto, hata kama bado anajibu kwa mkato, mtu anaweza kununa na bado akaitikia Amina.

Bado msalaba wa Ijumaa Kuu. Kubali, mwanangu, usikatae kwasababu mkeo alicheka. Ila kawalipe kwanza, maana wale wa kigangoni kwenu watakuwa nyuma yako kwenye maandamano hayo hayo, na yule mama pia. Na mzigo ukishalipwa niandikie, nataka kujua alipokea vipi.